Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Ndugu wasomaji, mithali hii twaijua sote, nasi hapa Kasulu twaitumia kila mgeni apigapo hodi, maana siku hiyo maharage hupisha kuku, na watoto nao hupata kuonja. Walakini nataka kuuliza swali moja juu yake. Ikiwa nyumba imebomolewa na upepo, na mabati yaliyopatikana ni machache, je, tuezeke kwanza chumba cha mgeni au chumba cha wenyeji? Msiseme upesi kwamba jibu ni jepesi. Mimi nalidhani ni jepesi, kisha nikaaibika.

Nalikuwa nikifundisha katika shule moja ya nchi yetu hii ya milimani. Mwezi wa Oktoba mvua za kwanza zilikuja na mawe na upepo mkali, ukang'oa mabati ya darasa la tatu na nusu ya mabati ya ofisi. Kamati ilipokutana, fedha zilitosha paa moja tu. Mkaguzi alitazamiwa baada ya majuma mawili, nasi tulijua kwamba shule ikimpendeza yamkini tutapewa msaada. Basi tukaamua kuezeka ofisi, nami naliinua mkono pamoja na wenzangu. Watoto wa darasa la tatu wakaketi chini ya mwembe, na kila mvua iliponyesha wakarudi kwao. Fundi aliyepanda juu ya paa alikuwa mzee mwenye mjukuu katika darasa lile. Aliniita kutoka juu, nyundo mkononi, akasema, "Mwalimu, ofisi hii ina wanafunzi wangapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta habari za watu wengine waliopigwa na tufani hali riziki yao yatoka kwa watu wa mbali, nipate kujua wao walianza kutengeneza nini. Habari mbili zimenikalia moyoni.

Ya kwanza ni ya Unguja. Wakazi wake walikuwa wakidhani kwamba tufani kubwa za Bahari ya Hindi hupita kusini, upande wa Madagaska na Morisi, wala haziwahusu wao. Tarehe 15 Aprili 1872 waliona sivyo. Vyombo bandarini vilivunjwa, na merikebu za Seyyid Barghash zikawa miongoni mwake. Na mashambani mikarafuu na minazi mingi sana ililala chini. Pemba, ambayo ni jirani, haikuguswa sana. Na mkarafuu si muhogo, ndugu zangu. Aupandaye leo hungoja miaka sita au saba, pengine na zaidi, kabla hajauchuma. Karafuu zikapungua, bei yake ikapanda katika miji ya ng'ambo, na wenye mashamba wakageuza macho yao kuelekea Pemba, ambayo tangu hapo ndiyo imekuwa kisiwa kikubwa cha karafuu.

Habari hii husimuliwa kana kwamba ni habari ya kupona. Lakini yafaa kuuliza ni mikono ya nani iliyochimba mashimo ya miche ile. Ilikuwa mikono ya watumwa, watu ambao hawakuwa na mkarafuu hata mmoja katika yote iliyoanguka. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza wasichukuliwe baharini. Walakini watu waliendelea kuvushwa kwa siri mpaka Pemba, kwa sababu miche ilitaka mikono. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Nasi tusidhani ni habari ya watu wa pwani peke yao. Njia ya misafara iliyokwenda Bagamoyo ilianza Ujiji, na Ujiji si mbali na kwetu. Hasara ya tufani ya Unguja ililipwa na watu waliotolewa bara hata wasijue bahari ni kitu gani.

Seyyid naye alijitengenezea yake. Aliagiza Uingereza merikebu mpya badala ya zile zilizopotea, ikaitwa Glasgow, ikaundwa mwaka 1878. Nayo ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza saa moja. Lakini sipendi kumhukumu mtu kwa chombo kimoja, maana Seyyid huyo huyo ndiye aliyeleta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, na watu wa kawaida wakayanywa.

Habari ya pili ni ya siku zetu, nayo yatoka Marekani. Karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida, kuna bustani kubwa za starehe, na iliyo mashuhuri kupita zote ni Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Watu wa nchi nyingi hulipa kiingilio wakapanda magari na mashua za kuchezea, wakatazama majumba ya hadithi, wakalala katika hoteli zilizo humo. Tarehe 28 Septemba 2022 tufani iitwayo Ian ilipiga pwani ya magharibi ya jimbo hilo, ikapita bara. Milango ya bustani ilifungwa siku hiyo na siku ya pili yake. Tarehe 30 ikaanza kufunguliwa. Vivyo hivyo tufani Milton ilipokuja usiku wa tarehe 9 Oktoba 2024, tarehe 11 wageni walikuwa wakiingia tena.

Sisemi haya kwa kudhihaki. Wenye bustani ile walichimba mifereji ya maji kabla ya kuifungua, na tangu mwaka 1967 ardhi ile ilikuwa na mamlaka yake yenyewe ya kutunza maji na barabara. Huo ni uangalifu, na laiti sisi tungekuwa nao. Lakini katika siku zile zile za Ian maji yalijaa nyumbani mwa watu huko Orlovista, magharibi ya Orlando, na huko Kissimmee, ambako wengi wa watumishi wa bustani hukaa. Na watu wakatolewa majumbani mwao kwa mashua.

Hapo mtu ataniambia: "Mwalimu, mtumishi yule hulipwa kwa saa. Milango ikifungwa, hana chakula cha jioni. Basi aifunguaye upesi amemtendea mema." Neno hili ni la kweli, wala siwezi kulitupa. Hata mama auzaye chai sokoni Kasulu angelisema, maana wasafiri wasipopita, jiko lake halina maana. Ndilo neno nililojitetea nalo katika kamati: mkaguzi akipendezwa, watoto nao watafaidi.

Nimelifikiri sana, nami sasa naona kwamba kosa haliko katika kutanguliza mlango wa mgeni. Pengine ni busara kuutanguliza. Kosa liko katika kumfanya mtu angoje bila kumwuliza kama yuko tayari kungoja. Mtumwa wa mwaka 1872 hakuulizwa, wala hakuweza kukataa. Mtumishi wa Florida aweza kusema, "Leo sitakuja, natoa tope nyumbani kwangu," lakini ikiwa kwa kusema hivyo atapoteza ujira au kazi, basi uhuru wake wa kusema ni mwembamba sana. Na watoto wetu wa darasa la tatu? Yamkini wazazi wao wangeulizwa wangesema, "Ezekeni ofisi kwanza, sisi tutakata nyasi tuwajengee watoto kibanda." Watu wa hapa si wagumu. Lakini hatukuwauliza, kwa sababu tuliogopa kwamba watasema la.

Mwezi Mei 2024 tufani iitwayo Hidaya ilikaribia pwani yetu, ikadhoofika ilipofika upande wa Mafia. Unguja ya leo ina hoteli za wageni ufukoni kule Nungwi na Paje, na nyuma yake vijiji vya watu wanaofua mashuka na kupika ndani ya hoteli hizo. Siku ikija tufani isiyodhoofika, sijui ni nani atakayekaa katika kamati ile, wala kama mfua mashuka atapewa kiti.

Mkaguzi wetu alikuja, akaisifu ofisi, akaandika jina lake katika kitabu. Mabati ya darasa la tatu yalipatikana mwezi wa Machi. Mzee yule aliyapigilia bila kutaka ujira. Alipomaliza alishuka, akaingia darasani, akaketi katika dawati la mjukuu wake, akatazama juu kama kuna tundu.