Mpira Uliotulia



Gofu kwetu si mchezo wa kila kijiji, ila shida ya mwenye kuucheza tunaijua. Mpira umetulia chini, hakuna anayemkaba, na hapo ndipo anaposikia maneno ya watu wote.

Mwepu Ilunga, beki wa Zaire (Kongo ya leo), naye alikabili mpira uliotulia, kwenye Kombe la Dunia, tarehe 22 Juni 1974, kule Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi. Siku nne nyuma Zaire ilikuwa imefungwa 9-0 na Yugoslavia. Sasa walicheza na Brazil, na Brazil wakapewa mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu akachomoka ukutani, akaubutua mbali. Dunia ikacheka: eti Waafrika hawajui sheria! Bingwa wa Afrika wa mwaka uleule, asijue sheria?

Baadaye alieleza mwenyewe: sheria aliijua, ila fedha zao zililiwa na wakubwa, na walinzi wa Rais Mobutu waliwatisha kwamba wakifungwa manne hawarudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0. Mimi namwamini. Hasira na hofu vilipanda pamoja, mguu ukaenda. Alifariki 2015, na kicheko kile bado kinazungushwa kwenye simu na vijana wasiojua lolote kuhusu Kombe la Afrika alilolileta kutoka Cairo.