Chachu ya Kwao na Chachu ya Kwetu

Wapo kati yenu wasiogusa kileo kwa ajili ya dini au afya, nasi hatuna nia ya kuwashawishi. Tunalouliza leo linamhusu hata yule anayeishia kwenye juisi ya ukwaju: je, mtu ana haki ya kukiita kitu kibaya kwa kuwa tu ulimi wake haujakizoea?

Swali hili lilitukuta Brussels mwaka 1996, tulipokuja Ubelgiji kusomea uhandisi. Mzee mwenye nyumba tuliyopanga alitumiminia bia iitwayo geuze, kutoka chupa yenye kizibo kama cha shampeni. Tukaonja, tukakunja uso, tukamwambia kwa heshima zote kwamba bia yake imeharibika. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Imechukua miaka mitatu kuharibika," akasema, akajiongezea.

Hakuwa akitania. Bia hizi ni za Brussels na bonde la mto Senne. Shayiri iliyooteshwa na ngano isiyooteshwa huchemshwa pamoja na hopsi zilizowekwa miaka kadhaa, ambazo uchungu wake umepungua lakini bado huzuia baadhi ya bakteria. Maji hayo matamu, mfano wa togwa, hulazwa usiku kucha katika beseni pana lisilofunikwa, juu karibu na paa lenye matundu. Hakuna anayetia hamira. Chachu huja na hewa ya miezi ya baridi, na nyingine imekwisha kujificha katika mbao za jengo na za mapipa. Huko Cantillon, kiwanda kidogo cha Anderlecht kilichoanza mwaka 1900, hata utando wa buibui hauondolewi, kwa sababu buibui wanakula wadudu wanaofuata sukari.

Kwetu sisi wahandisi hii ni kufuru. Tumefundishwa kupima kabla, kudhibiti kabla, kisha kuwasha mtambo. Hapa udhibiti unakuja mwishoni, tena kwa ulimi. Mchanganyaji anapita pipa kwa pipa, anaonja pombe ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu. Changa ina sukari itakayoleta povu ndani ya chupa, na iliyokomaa ina kina. Pipa lililogeuka siki linaachwa nje ya mchanganyiko. Kwa hiyo hata wenyewe wanahukumu, tena vikali, ila hawahukumu pale tulipohukumu sisi.

Miaka ilipopita, mfanyakazi mwenzetu alitualika kwenye meza ya waonjaji. Tulipewa karatasi ya alama 50, kwa utaratibu wa chama cha Wamarekani kilichoanzishwa mwaka 1985: harufu 12, sura 3, ladha 20, jinsi kinywaji kinavyokaa mdomoni 5, na mwonekano wa jumla 10. (Sura alama 3 tu. Laiti watu nao tungewapima hivyo.) Harufu ya blanketi la farasi, ambayo sisi tungeikatia alama, inahesabiwa kuwa sifa njema, lakini siki kali ni kasoro. Hapo Kiswahili kilitufaa kuliko tulivyotegemea. Tulikuwa na uchachu wa maziwa mgando, ugwadu wa embe bichi, ukakasi wa ndizi mbichi unaofunga ulimi, na ukali wa siki. Tulipoacha kuuliza "tunaipenda?" tukauliza "ni ipi kati ya hizi, na imekaa mahali pake?", bia ile ile ya mzee ikaanza kueleweka. Kuipenda kulifuata baadaye sana.

Mwaka 2016 UNESCO ilipoingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu, tulishangilia kama wenyeji. Ndipo tukamkumbuka mama.

Mama alikuwa akipika mbege Kilimanjaro: ndizi mbivu, ulezi ulioota, gome la msesewe kwa ajili ya uchungu, na chachu inayojijia yenyewe. Kwa mbege hiyo tulilipiwa ada ya shule. Mwaka 2003 tulikwenda nyumbani na rafiki yetu Mbelgiji, mpenzi mkubwa wa geuze. Mama alikuwa amepika siku kadhaa kumngojea. Sisi tulipoona povu zito na makapi ya ulezi, tukamtuma kijana dukani akalete kreti ya bia za chupa. Tulimwambia mama kwamba tumbo la mgeni halitaiweza. Mama hakujibu, akairudisha ndoo jikoni. Mgeni mwenyewe hakuulizwa.

Kwa geuze tulikuwa tumejipa miaka ya kujifunza. Mbege ya mama hatukuipa hata kata moja mbele ya mgeni, ingawa tuliijua toka utotoni. Hatukuweza kusingizia ulimi usiozoea. Tulikuwa tumeitoa hukumu kwa macho ya mtu ambaye hata hakuwa na macho hayo.

Mama alifariki mwaka 2011. Baada yake tuliingia katika kosa la upande wa pili: kila mbege tuliyopewa tuliisifu, hata ile mbovu kabisa, kana kwamba tunalipa faini. Nao pia ulikuwa ni dharau, maana anayesifu kila kitu hajaonja chochote.

Mwaka 2019 tulimkuta mdogo wetu wa kike ndiye mpishi. Alitupa kata ya kwanza, akasimama. Utamu wa ndizi ulikuwapo, na uchungu wa msesewe ulikaa mahali pake, lakini kwa nyuma palikuwa na siki. Tulitamani kusifu.

"Hii imepitiliza siku moja," tukamwambia.

Alinyamaza, akaichukua kata, akaonja mwenyewe.

"Siku mbili," akasema. "Nilidhani hutajua, kaka."