Baraka Hairithiwi kama Shamba

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wengi tumeipokea methali hii kana kwamba wema na ubaya hupita katika damu, na kwamba mzazi mcha Mungu hana haja ya kuhangaika, maana watoto watafuata tu. Mimi siamini hivyo. Tazama vijijini mwetu: utamkuta baba mkweli mwenye mwana mwongo, na mlevi mwenye binti anayeheshimiwa na wote. Je, maadili hufikaje basi kwa kizazi kijacho? Na baraka ya mzazi ni kitu gani hasa?

Wayahudi wamelifikiria swali hili kwa muda mrefu. Kwa karne nyingi hawakuwa na dola wala jeshi, na katika nchi nyingi walikatazwa hata kumiliki ardhi. Walichoweza kuwaachia watoto ni kile kibebwacho moyoni. Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, mzazi humwekea mtoto mikono kichwani na kumbariki. Wasichana huombewa wawe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Wavulana wawe kama Efraimu na Manase. Kwa nini hao, wala si Ibrahimu au Musa? Jibu moja la walimu wao ni kwamba vijana hao walizaliwa ugenini Misri, katika nyumba ya mkuu, na bado hawakusahau wao ni akina nani.

Usiku wa Pasaka yao, mtoto mdogo ndiye anayeanza. Huuliza kwa nini usiku huu si kama mwingine, na kwa nini unaliwa mkate usiotiwa chachu na mboga chungu. Ndipo mkubwa husimulia habari ya utumwa na ukombozi. Hawakungoja mtoto akue ndipo afundishwe. Walimpa nafasi mezani.

Mfano wa karibu nasi uko Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, hakuzaliwa Myahudi. Alisoma Biblia mwenyewe, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Ndivyo ilivyoanza jumuiya ya Abayudaya. Kakungulu alifariki mwaka 1928, lakini watu wake waliendelea. Katika miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha ili kuokoa maisha, wala hatuna haki ya kuwahukumu. Wachache wakasali kwa siri majumbani. Inakadiriwa kuwa kati ya watu wapatao 3,000 walibaki kama 300.

Historia yao inapita hata hapa kwetu. Mwezi Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi na kuunda umoja wao dhidi ya Amin. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Wayahudi ikaingia. Lakini uhuru peke yake haukuirudisha dini. Katika miaka ya 1980 vijana wa jumuiya hiyo ndio waliojikusanya, wakawaendea wazee na kutaka wafundishwe. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma Marekani na kuwa rabi mwaka 2008.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Vijana wale walikuwa na wa kumwuliza kwa sababu wazee wachache walikuwa wameendelea kutenda gizani. Kama wazee wangesema tu, "Sisi zamani tulikuwa hivi," vijana wangepata hadithi, si imani.

Sisi Wachaga tunajua kurithisha kihamba. Mipaka inafahamika, na ugomvi ukizuka wazee huamua. Baraka haifanani na kihamba. Inafanana na mfongo. Babu alichimba mfereji kuleta maji kutoka mtoni, lakini maji hayaji kwa sababu babu alichimba. Huku Chekereni kwenye mpunga tunalijua hilo vizuri: tope lisipozolewa na magugu yasipong'olewa, majaruba ya chini hukauka, hata kama mfereji ulijengwa kwa saruji. Vivyo hivyo, mtoto aliyemwona baba yake akimpelekea jirani jani la isale na kuomba radhi, ameupokea msamaha. Aliyesimuliwa tu kuhusu isale amepokea habari za mmea.

Kijana anaweza kuuliza: kwa nini nibebeshwe mzigo ambao sikuuchagua? Swali lake ni la haki. Mikono iliyowekwa kichwani haipaswi kuwa minyororo, na mtoto akikua ana hiari ya kuacha. Lakini mtoto hawezi kukubali wala kukataa kitu ambacho hakupewa. Mzazi anayenyamaza akidai kwamba anamwachia mtoto uhuru, kwa kweli amekwisha kumchagulia: amemchagulia ukosefu.

Watoto wetu wanakwenda Arusha na Dar es Salaam, na wengine ng'ambo. Wengi hurudi Desemba tu, kwa siku chache. Siku hizo wasikute nyama na mbege peke yake. Wakute meza wanayoweza kuuliza maswali, na mzee aliye tayari kujibu kwa maneno ambayo mwenendo wake hauyakanushi. Hapo ndipo anapoweza kunyoosha mikono na kubariki, na baraka hiyo ikawa na maana.