Ruhusa ya Kushika Kisu

Wasomaji wetu wa Ugogo waujua ugonjwa wa macho uitwao trakoma. Katika nchi kavu, ambamo maji ni ya mbali na nzi ni wengi, mtoto huupata mapema. Akiupata mara kwa mara, ukubwani kope hujikunja ndani, nywele zake zikakwaruza jicho mchana na usiku hata likapofuka. Huko Kongwa wataalamu wamelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980.

Dawa ya kope iliyokwisha kujikunja ni kuipasua na kuigeuza. Madaktari wa macho ni wachache, basi matabibu na wauguzi wamefundishwa kazi hiyo moja tu. Shirika la Afya Duniani lataka mwanafunzi apimwe kwanza akipasua mbele ya mjuzi, ndipo apewe cheti. Wala cheti hicho hakimruhusu kupasua mtoto wa jicho.

Sasa tuseme tabibu alikipata miaka kumi iliyopita, kisha akahamishiwa mahali ambapo wagonjwa wa namna hii huja mmoja baada ya miezi. Je, ruhusa yake ingali hai? Wako wasemao kwamba kumpima tena mtu mzima ni kumvunjia heshima. Twawaelewa; sisi walimu hatujapata kuulizwa tena hesabu za chuoni, na pengine ni heri. Lakini ruhusa ile haikutolewa kwa ajili ya heshima yake. Kwa baadhi ya waliopasuliwa kope hujikunja tena, na imeonekana kwamba mkono wa mpasuaji ni sababu mojawapo. Bibi aliyelazwa mezani, amefunikwa uso, hawezi kuukagua mkono huo. Yapasa mwingine amkagulie.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kunyang'anya. Cheti kikiondolewa, bibi yule hapati mpasuaji bora. Hapati mtu kabisa, naye atarudi kung'oa nywele za kope kwa kibano, nazo zitaota tena.

Kwa hiyo twaona mkaguzi asimwite tabibu mjini kujibu maswali kwa karatasi. Na aje yeye kituoni, ayatazame macho yaliyopasuliwa miezi sita nyuma, asimame kando tabibu akipasua. Akiona upungufu, amfundishe papo hapo, na kisu kikae sandukuni mpaka atakaporudi kumpima. Nauli ya safari zote mbili iwe juu ya wenye kutoa cheti.