Kompyuta Isamehe Mpaka Wapi?

Mwaka 1980 Jon Postel, mmoja wa wahandisi walioijenga intaneti, aliandika kanuni ambayo bado inazua ubishi: programu iwe makini inapotuma, iwe karimu inapopokea. Yaani ukitumiwa ujumbe wenye kasoro na bado unauelewa, upokee tu. Poa sana, ama?

Shida ni kwamba anayesamehewa kimyakimya hajui amekosea. Waliotengeneza kurasa za wavuti walisahau kufunga tagi, brauza zikajaza mapengo, maisha yakaendelea. Makosa yakazidi mpaka HTML5 ikabidi ieleze, hatua kwa hatua, jinsi ya kusoma ukurasa uliovunjika. Leo ukitaka kuunda brauza mpya, lazima kwanza ujifunze uzembe wa watu usiowajua. Ukarimu ulikuwa wa wengine, bili imekuja kwako.

Ukali nao ulijaribiwa. XHTML ilitaka brauza igome ikikuta kosa hata moja. Lakini aliyeonyeshwa ujumbe wa hitilafu alikuwa msomaji. Msee amekuja kusoma habari zake, anaadhibiwa kwa tagi ambayo hakuiandika. Hiyo nayo ni haki gani?

Simlaumu Postel, mtandao ulikuwa mchanga, na mashine zilihitaji kwanza kuelewana. Ninachokataa ni ile dhana kwamba ukisamehe lazima unyamaze. Msomaji apewe ukurasa wake, mwandishi aambiwe ameharibu wapi. Firefox hufanya hivyo kidogo: ukifungua chanzo cha ukurasa, makosa yamepakwa rangi nyekundu. Lakini ni nani hufungua huko?