Shule Yataka Mtoto Awe Nani?

Liko swali ambalo kila mzazi hujiuliza asubuhi ampelekapo mtoto wake shuleni, ijapokuwa hasemi kwa kinywa: Je, shule hii yamfanya mwanangu awe nani? Wengine wataka imtoe kijijini. Wengine waogopa kwamba itamtoa. Na Serikali nayo, kila itengenezapo upya elimu ya nchi, yajibu swali hilo hilo. Twapenda leo tulitazame pamoja, maana kwetu huku Mwanza na mwambao wa ziwa jibu lake linawaangukia watoto wetu.

Mwezi wa Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisema mbele ya Bunge kwamba sera ya elimu na mitaala yake itazamwe upya. Maoni yakakusanywa, sera ikatolewa katika toleo la mwaka 2023, mitaala mipya ikaanza Januari 2024, na tarehe 31 Januari 2025 sera ikazinduliwa Dodoma. Imeagiza kwamba elimu ya lazima iwe ya miaka 10: ya msingi miaka 6 badala ya 7, kisha sekondari miaka 4. Tena katika sekondari ziko njia mbili, moja ya elimu ya jumla, na ya pili ya amali, yaani kilimo, ufundi, ushonaji na kazi nyingine, pamoja na vitabu.

Wazo hili si geni. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, Mwafrika wa nchi iitwayo leo Ghana. Tume ile ilishauri masomo yafungamane na maisha ya wenyeji: shamba, afya, nyumba na ufundi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akailaumu elimu iliyomtenga mtoto na jamaa zake. Novemba 1974, mjini Musoma, kando ya ziwa letu hili, chama cha TANU kiliazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyetimiza umri apate nafasi shuleni. Mbona basi maneno ya watu wenye busara yarudi kila kizazi kana kwamba hayajapata kusemwa?

Wako wanaowalaumu wazazi, wakisema kwamba waliidharau kazi ya mikono. Sisi hatuwalaumu upesi. Mzazi aliona kwa macho yake kwamba mshahara ulimfuata mwenye kalamu. Na sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi tulikuwa na shamba la shule. Tulilima, tukapalilia, tukavuna. Wala hapana hata siku moja mwalimu alipotuonyesha kwa nini mstari huu umestawi na ule umenyauka. Mchelewaji alipewa jembe, na mtoro akapewa jembe. Hivyo tulijifunza somo moja tu, nalo tulilishika sana: kwamba jembe ni la aliyekosa. Je, ni ajabu kama tulipomaliza tulilikimbia?

Lakini Usukuma ulikwisha kuonyesha njia nyingine. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya pili, wakulima wa pamba walinung'unika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Mkulima alijua kulima sana, lakini mzani ulisomwa na mwingine. Basi wakaanza kujiunga, wakitaka pawe na mtu wao atakayeusoma uzito. Paul Bomani na wenzake wakazunguka vijijini kuviunganisha vyama vyao, na mwaka 1955 ukasimama muungano wa vyama vya ushirika ulioitwa Victoria Federation. Tazameni: jembe peke yake lilipunjwa. Kalamu nayo ingekuwa peke yake, ingepima nini? Vilipokutana katika watu wa jamaa moja, haki ikapata mtetezi.

Nasi huku ziwani tuna kazi zinazongoja mkutano kama huo. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zake, akapumzika mbalamwezi ikiwaka. Mkewe huanika dagaa juu ya mchanga. Mvua ikinyesha huharibika, na waliobaki huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mtoto afundishwe kwa nini dagaa walioanikwa juu ya vichanja hukauka safi. Ahesabu gharama ya taa na ya mashua. Ajue kwa nini sheria yakataza kuvua sangara wachanga, na aweze kuwaeleza wazee bila kuwavunjia heshima. Hapo amali ni elimu kweli. Lakini karakana isiyo na randa wala msumeno ni chumba tu, na mwalimu asiyejua kazi ile atarudi kwenye lile jembe la adhabu.

Basi mageuzi haya tuyapime kwa kipimo gani? Twaleta kimoja. Kila aipangaye shule, awe afisa, mbunge au mwalimu, na ajiulize: Njia hii ya amali naitaka kwa mwanangu mwenyewe? Akijibu ndiyo, tumwamini. Lakini akiwaandalia watoto wa wavuvi nyavu, na wake akimtafutia mjini shule ya vitabu vitupu, hapo shule imekuwa panga la kuwakata watu mafungu mawili. Mtu atasema, "Hawawezi wote kuwa makarani." Ni kweli. Neno hilo ni jema kinywani mwa mtu aliye radhi kwamba hata mwanawe asiwe karani.

Kipimo hicho chatugeukia nasi. Walimu, tukimpeleka kwenye amali yule tu aliyeshindwa hesabu, tumerudia kosa la kale, maana fundi asiyejua hesabu huharibu mbao. Wazazi, tukimtoa mtoto darasani ili aanike dagaa, tumemchagulia maisha yake kabla hajajua kuchagua. Mtume Paulo alifundishwa sheria, naye akajua kushona hema. Wala hakuona haya kwa hili wala kwa lile.

Kwa hiyo, ndugu, kamati ya shule ikiitisha mkutano, twendeni. Tuulize: Vifaa vya kazi viko wapi? Nani atakayefundisha, naye ameijua kazi hiyo kwa mikono yake? Na mtoto aliyesoma amali, mlango wa kuendelea na masomo uko wazi kwake kama kwa mwenzake? Tusiulize kwa ugomvi, wala tusinyamaze kwa adabu isiyo na faida. Sera huandikwa Dodoma, lakini mtoto analelewa hapa kwetu, na siku moja yeye ndiye atakayetuuliza tulikuwa wapi.