Sahani Iliyofunikwa

Kila jioni jirani yangu hapa Kitengela hupakua sahani moja ya ziada, ugali na sukuma wiki, akaifunika na kuiweka kando ya jiko. Ni ya kijana wake aliyetekwa na pombe. Asubuhi mara nyingi huikuta vilevile.

Nikimwona namkumbuka Monika, Mwafrika mwenzetu wa Thagaste, katika Aljeria ya leo. Mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, aliikataa imani ya mama yake. Tena alimdanganya, akapanda meli usiku kwenda Italia. Monika alilia, akaomba miaka mingi, akamfuata hadi Milano. Pasaka ya mwaka 387 Augustino akabatizwa. Mwaka huohuo mama akafariki, macho yake yakiwa yameshaona.

Wewe mzazi wa Kajiado, unajua mfugaji halali ndama mmoja akikosekana bomani. Baba wa mwana mpotevu katika Luka 15 alimwona mwanawe angali mbali, kana kwamba hakuacha kuitazama njia. Usiku wa leo mtaje mwanao kwa jina mbele za Mungu, na umwachie chakula.

Juzi, jirani ameniambia, sahani ilikutwa tupu.